Mwimbaji Aliyelala Wakati wa Sifa

Wapendwa, kanisa fulani lilikuwa na mwimbaji wa besi. Tumbo lake likaanza kujaa, miguu ikavimba, huku uso unakonda. Watu wa kiroho wakasema nini? "Baraka imekaa, bro! Shemeji anapika!" Macho yakawa manjano, wakasema ni vumbi. Ncha za vidole zikavimba kama rungu, midomo ikaanza kuwa ya bluu. Nani alitazama?

Kisha akaanza kulala kwenye benchi la nyuma wakati wa sifa. Mzee wa kanisa akamjia.

"Ndugu, simama. Hapa si gesti."

"Mzee, nikisimama pumzi inakata. Nikilala, inarudi."

"Wenye shida ya kifua huketi ndiyo wapumue. Wewe unalala ndiyo upumue? Huo ni uvivu, full stop."

"Si uvivu, mzee. Nihurumie."

"Basi ni pepo. Vijana, mwinueni!"

Wakamwinua, mmoja kila kwapa. Kabla ya kiitikio akalegea mikononi mwao.

Hospitalini daktari akamlaza, akambana kidole kwa kipimo cha oksijeni. Namba ikapanda. Akamkalisha. Ikashuka.

"Ini limeharibika," akasema, "na limevuruga mishipa ya mapafu. Ndiyo maana akiinuka anakosa hewa."

Mzee akanong'ona, "Kumbe alikuwa mlevi!"

"Ni virusi vya homa ya ini, mzee. Haya macho yamekuwa manjano tangu lini?"

Kanisa zima lilikuwa likimwona kila Jumapili.

"Na nani alimsimamisha?"

Sasa mnacheka mzee wa nani? Yule mzee ni sisi. Kukemea tunajua, kutazama hatujui. Hata sisi wenye digrii zinazooza kwenye bahasha, jicho la manjano lilitushinda kusoma. Seriously! Ukiona macho hayo, mkojo mweusi kama chai ya rangi, tumbo linalojaa maji, mtu anayehema akiinuka, usimtafutie pepo, usimtafutie chupa. Mpeleke hospitali leo. Mtaomba njiani.

Mwimbaji yule bado yuko wodini, kwenye mtungi wa oksijeni, na mimi siwezi kuwaahidi kwamba atarudi kuimba.

Kila Jumapili mnaambiwa: mgeukie jirani yako, mwambie hili, mwambie lile. Leo usimwambie kitu. Mgeukie. Mtazame machoni.

Na aliyelala pale nyuma, muulizeni kwanza kabla hamjamgusa.