Matanga ya Kengele

"Kengele isiyofanyiwa matanga haiachi kulia." Ndilo neno alilowaambia leo yule mama wa kituo cha maziwa, alipowataka mkae na watu muizungumze mizani ya zamani kabla ya kufunga hiyo mpya mliyotumwa kuiweka. Ninyi mkacheka, kisha mkaja kuniuliza neno hilo limetoka wapi. Nitawaambia, maana nilikuwepo. Ila kuwepo si kuelewa, wanangu. Hata leo kuna mahali katika habari hii sipaoni vizuri.

Chanzo chake ni kiwanda cha chai cha Kwemvumo, huko milimani Usambara. Mimi nilikuwa mpita njia tu, kama kawaida yangu, nikapata kazi ya kutia kuni kwenye tanuri. Kiwanda kilikuwa na ghorofa moja. Juu kulikuwa na vitanda virefu vya kunyaushia majani, chini mashine za kuyasokota. Majani yakishanyauka huteremshwa mara moja. Yakichelewa, yakilundikana, hupata joto na kunuka siki, na hapo hakuna chai tena.

Kazi yote iliongozwa na kengele. Msidhani ilikuwa kengele ya maana. Ilikuwa rimu ya gurudumu la lori, imetundikwa kwenye nguzo uani, na mwenye kuigonga alikuwa Mzee Shemdoe. Ikigongwa asubuhi, watu husimama kwanza pale nguzoni. Fulani kafiwa, fulani mtoto anaumwa, nani atamshikia kazi yake. Wakishajuliana hali ndipo huingia. Baadaye ikilia tena, wa juu huteremsha majani na wa chini huyapokea.

Akaja meneja mpya, Bwana Mwakatobe, mtu mpole na mwepesi wa hatua. Akaleta king'ora cha umeme. Akamwita msimamizi wetu, Namkunda, mwanamke wa Kipare aliyekua palepale kiwandani, akamwambia: "Kuanzia Jumatatu kazi itakwenda kwa king'ora. Wewe watu wako unawajua, waelekeze."

Namkunda akatuelekeza vizuri. King'ora kikilia, fanya hivi na hivi. Jambo moja tu hakulisema, wala meneja hakulisema: kengele je? Mzee Shemdoe hakuna aliyemwambia kitu. Namkunda alikuwa na sababu yake. "Nitamwambiaje?" alituambia. "Mzee huyu ndiye aliyempokea baba yangu hapa. Nimtazame usoni nimwambie hatakiwi? Mwacheni agonge. Ni heshima tu, haidhuru."

Basi ikawa hivi. King'ora kinalia, wa chini wanawasha mashine. Wa juu, ambao wengi ni wakongwe wa kiwanda, wanangoja kengele waliyoizoea. Mashine zinazunguka tupu. Wa chini wakichoka kungoja wanazima, wanakwenda kufagia. Ndipo Mzee Shemdoe anagonga kwa saa yake ya siku zote, na majani yanateremka kama mvua juu ya sakafu, hakuna wa kuyapokea. Mtu mmoja akipita na tenga kichwani, watu wawili wanamwita pande mbili.

Kihiyo, mwenzangu wa tanuri, mtu wa utani, alikuwa akiwauliza wapitao: "Wewe ni mke wa nani leo, wa umeme au wa rimu?"

"Niulize kesho," walimjibu. "Leo hata jina langu silijui."

Kabla wiki haijaisha, lundo zima likaoza. Bwana Mwakatobe akaliinamia, akanusa, akamwita Namkunda mbele yetu. Hakupaza sauti. "Wenye mashamba wameanza kulalamika," alisema. "Majani yakiharibika tena, nitaelekezwa kuyapeleka kiwanda cha bondeni. Hapa tutafunga milango. Na wewe utakuwa wa kwanza kuulizwa."

Namkunda akakata shauri. Siku ya Ijumaa, Mzee Shemdoe alipokwenda msikitini, akaiteremsha rimu na kuifungia stoo. Alidhani amemaliza.

Hapo ndipo mambo yalipotatizika kabisa. Mzee alirudi, akaitazama nguzo, akakaa chini yake. Kesho yake akaja tena, akakaa. Watu wakiingia wanapitia kwake: "Pole, Mzee." Wanasimama, wanachelewa. Mmoja anasema kengele imeuzwa, mwingine anasema imeibwa, mwingine eti imepelekwa mjini kutengenezwa na itarudi. Kwa kuwa ile salamu ya asubuhi haikuwepo tena, hakuna aliyejua nani hayupo. Unakuta mashine haina mtu, mwenyewe yuko msibani, na hakuna aliyeambiwa.

Asubuhi moja Kihiyo akaangusha koleo, likagonga bomba. Ngaa! Mlio uleule wa rimu. Wa juu wote wakafungua vitanda, wakateremsha majani mabichi, hata hayajanyauka. Tukasimama tunatazamana. Kihiyo ameshika mdomo. Namkunda alikaa kwenye ngazi, khanga usoni, akasema taratibu: "Nimeificha kwa mkono wangu. Sasa nani anaigonga?"

Siku hiyo Bwana Mwakatobe alikuwa mjini. Namkunda alijua akirudi ataambiwa, na ndio utakuwa mwisho. Akatoka, akamfuata Mzee Shemdoe pale nguzoni. Mimi nilikuwa napakia kuni, nikasikia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja. Nina swali. Tangu Ijumaa kila mtu ananipa pole. Nimefiwa na nani?"

Namkunda akaketi chini kando yake.

"Nimewauliza nyumbani," Mzee akaendelea, "wote wazima. Nimetuma salamu kwa dada yangu Mlalo, mzima. Sasa pole za nini?"

"Umefiwa na kengele, baba. Haitagongwa tena. Nilijua tangu siku ya kwanza, nikaona haya kukuambia. Iko stoo. Mimi ndiye niliyeificha."

Mzee akaitazama nguzo tupu. Kisha akasema: "Mtu akifa, jamaa zake wasiambiwe, unajua huwaje? Wanaendelea kumwekea sahani. Kila siku wanamngoja ale. Hawana wazimu. Hawajafanya matanga, hao."

"Basi tuifanyie," Namkunda akasema. Sijui kama alilifikiri neno hilo au lilimponyoka.

Bwana Mwakatobe aliporudi, Namkunda alimweleza yote, na koleo pia, kisha akamwomba asubuhi moja kabla ya mashine kuwashwa. "Matanga ya rimu?" meneja aliuliza. Alimtazama, akatutazama na sisi, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. "Sielewi," akasema. "Lakini hata hili la king'ora changu sijalielewa. Fanyeni."

Rimu ikaletwa uani, ikawekwa juu ya mkeka. Tukakaa. Mwanzoni watu walichekeana. Kisha mama mmoja akasema ndiyo iliyogongwa mfululizo siku ghala lilipowaka, wakatoka wote wazima. Mwingine akasema hili, mwingine lile, na kicheko kikapungua. Mwishowe Mzee Shemdoe akauliza kama inavyoulizwa kwenye matanga: "Nani anamdai marehemu? Aseme sasa, warithi wanasikia."

Mama wa vitanda vya juu akasema: "Mimi ninamdai salamu. Alikuwa akinipa nafasi ya kusema mwanangu kaamkaje. King'ora kinataka mikono yangu tu."

"Na mimi hiyohiyo," wengine wakaitikia.

Watu wote wakamgeukia meneja. Akajikuna kidevu. "Basi king'ora kimerithi deni hilo," alisema. "Asubuhi kitalia mkishajuliana hali, si kabla."

Wakamwomba Mzee Shemdoe abonyeze kitufe cha king'ora yeye mwenyewe, iwe baraka. Akakataa. "Siku ya matanga hamniozeshi mke mwingine," alisema, akachukua fimbo yake akaenda nyumbani.

Kuanzia hapo king'ora kilipolia, majani yaliteremka na mikono ilikuwa tayari chini. Milango haikufungwa. Namkunda alibaki na kazi yake. Kama rimu ina roho au haina, msiniulize mimi.

Siku moja, mimi nikiwa karibu kuondoka, Kihiyo akaangusha tena koleo juu ya bomba. Nikatazama juu. Hakuna aliyegusa kitanda. Mzee Shemdoe, aliyekuja kutusalimu, ndiye peke yake aliyegeuza shingo.

"Mmesikia?" akauliza.

"Tusikie nini, Mzee?" wakamjibu.

Akatikisa kichwa polepole, akatabasamu. "Hakuna. Imekwisha kufa."

Kwa hiyo kesho mkifika kituoni, kaeni na watu kwanza. Waulizeni mizani ya zamani ilikuwa ikiwapa nini. Kengele isiyofanyiwa matanga haiachi kulia.