Sanduku Lililokuwa Chini ya Kitanda cha Sikudhani

Sogeeni, nina kesi. Mwenye hukumu ya haraka aibane kwanza mdomoni.

Mzee Chavala alipenda kulenga shabaha. Kila Jumamosi alikwenda uwanjani kutoboa karatasi, na nyumbani alikuwa na bastola tisa, zote zinazojipakia risasi zenyewe, akizifuta kwa kitambaa laini kuliko shuka za wageni. Aliishi na wanawake watatu. Mkewe, Atuganile, alikuwa na ngumi isiyofunguka. Binti yake, Suma, alikuwa na jicho: aliijua kila bastola na magazini yake, kile kibebeo cha risasi kinachopachikwa kwenye mpini. Sikudhani, dada wa kazi, alikuwa na mikono inayobeba gunia la mahindi kama mto.

Mzee alikuwa na sheria: bastola, magazini na risasi visilale chumba kimoja. Ufunguo wa kasha la bastola akampa mkewe. Magazini akampa Suma. Sanduku la chuma la risasi akalisukuma chini ya kitanda cha Sikudhani, bila hata hodi.

"Nani atapekua chumba cha dada?" alisema.

Sikudhani akazilalia risasi miaka miwili.

Adhuhuri moja wakaja wanaume watatu wakijidai wameleta gesi. Mlango ulipofunguka, mapanga yakatoka. Wakamkata mzee bega, akaanguka sebuleni.

Atuganile akaufumbata ufunguo. Ngumi ile haikufunguka mpaka vidole viwili vilipodondoka sakafuni.

Walipokuwa wakihangaika naye, Suma akazichanganya magazini zote. Mkuu wao akachukua bastola; Suma akampa magazini, haikuingia. Akampa nyingine, haikuingia. Jamaa akampiga kwa kitako cha bastola, meno matatu yakamwagika zuliani.

"Na risasi ziko wapi?" akafoka, kainamia bastola.

"Kwangu, kaka. Ngoja nikuletee."

Sikudhani akarudi na sanduku kifuani. "Hizi hapa." Akamshushia kisogoni. Fuvu likalia kama nazi. Akashusha tena, na tena, mpaka miguu ikaacha kurusha mateke. Wenzake wakakimbia. Haikufyatuliwa hata risasi moja.

Mzee alipotoka hospitali akatangaza: "Aliyeiokoa nyumba hii ndiye atakayeamua hatima ya bastola. Mama Suma, au wewe Suma?"

Atuganile akainua mkono wenye bendeji. "Zipelekwe polisi zote. Vidole vyangu havioti tena."

"Zibaki, baba," Suma akasema kupitia pengo. "Wawili wametoroka. Watarudi."

Sikudhani alikuwa akisugua damu zuliani, akiwaza kitanda kinachomngoja. Akaenda, akaleta sanduku lenye kona iliyobonyea, akalitua mezani.

"Na mimi, mzee?"

"Wewe? Tutakununulia kitenge."

"Kitenge vaa mwenyewe. Mimi nasema zibaki, ila bastola, magazini, risasi, vyote chini ya kitanda chako. Ulalie wewe."

Sasa nyinyi. Bila ngumi ile, Suma asingepata muda. Bila magazini zile, yule mtu asingeinamisha kichwa. Bila sanduku, kingeinuka tena. Neno la mwisho ni la nani?

Semeni. Na asinitajie mtu kitenge.