Kipofu wa Stesheni

"Ukikosa jina, simulia kisa." Msemo huu mmeusikia leo, wajukuu zangu, mkataka kujua ulikotoka. Ulizaliwa hivi.

Siku Mzee Mkude alipozikwa, nyumba yake ya Kihonda ilijaa watu ikapungukiwa sauti. Mkude alikuwa mfasiri wa filamu kwenye banda la video. Iwe ya Kihindi, iwe ya Kichina, aliitia Kiswahili papo hapo watu wakitazama, na kila filamu aliibatiza jina lake mwenyewe. Mkewe, Bi Sikudhani, alichumbiwa bandani humo, filamu ikiendelea. Filamu yenyewe Mkude aliiita Kipofu wa Stesheni.

Arobaini ilipopita, Bi Sikudhani alitamani jambo moja tu: kuiona tena filamu hiyo. Binti yake, Zamda, alikuwa amelipia programu ya filamu kwenye runinga. Akaandika jina. Zikaja filamu za mapanga, za mizimu, za wapishi wanaoshindana.

"Mama, haimo."

"Imo. Andika vizuri. Kipofu. Wa. Stesheni."

"Hata ukilikata vipande, mama, haimo! Nimetafuta hata kwenye programu nyingine, nako hakuna."

Bi Sikudhani akaona filamu nayo imezikwa. Akajifunga kanga ainuke, aende zake jikoni.

"Kwani jina hilo alilitoa nani?" Zamda akauliza.

"Nani tena? Baba yako."

"Baba! Baba huyu aliyemwita jenerali mzima wa kwenye filamu Shemeji Kaptula?"

Bi Sikudhani akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Zamda akamvuta mkono. "Kaa, mama. Jina tuliache. Nipe kisa."

Tangu mazishi mama yule alikuwa hajamzungumzia mumewe. Sasa akaanza polepole.

"Kuna mzee haoni. Kazi yake stesheni, treni zote anazijua kwa mlio. Binti yake anatoroka, anapanda treni, na mzee anamtambua kwa nyayo tu. Anashika taa, anasimama katikati ya reli. Basi hapo baba yako akaacha kutafsiri, akanigeukia mbele za watu: 'Sikudhani, na wewe ukipanda treni, mimi nitasimama relini.' Banda zima likapiga mbinja. Nilitamani ardhi inimeze."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia atafsiri, watu wamelipa kiingilio."

Zamda alicheka hadi machozi, kisha akaandika: mzee kipofu, stesheni, binti anatoroka kwa treni. Ikatokea picha ya mzee ameshika taa, na juu yake jina la kigeni ambalo wote wawili hawakuweza kulitamka.

"Ndiye!" Bi Sikudhani akajishika kifua. "Alhamdulillahi. Ndiye huyo huyo."

Filamu ikaanza, ikisema lugha yake.

"Anasemaje, mama?"

Bi Sikudhani akakohoa kidogo, akatafsiri. Alitafsiri mpaka mwisho, kwa maneno aliyoachiwa na mumewe, pamoja na mizaha ambayo haikuwamo katika filamu hata kidogo. Ilipokwisha alisema tu, "Nashukuru. Hakuondoka na vyote."

Siku hizi majirani hufika pale Jumapili mchana, kila mmoja na filamu iliyompotea. Bi Sikudhani hutafsiri. Zamda ndiye atafutaye, na mgeni akianza kuhangaika, "Inaitwa… inaitwa nani vile…," humpa kigoda na kumwambia: "Ukikosa jina, simulia kisa."