Mshono wa Bi Somoe

Hapo zamani, wala si zamani ya sungura na fisi, ni zamani ya juzi tu, hospitali zipo na dawa zipo, palikuwa na mjane aitwaye Bi Somoe. Alikaa kusini, katika kijiji cha wakulima wa korosho. Alikuwa na binti yake Tausi, na mkwe wake Nampota, mume wa Tausi. Alikuwa pia na mdogo wake, Bi Esha. Huyo Bi Esha ndiye aliyewakanda wanawake wote waliojifungua katika kijiji kile kwa maji ya moto, na ndiye aliyekuwa somo wa Tausi unyagoni, aliyemfunda. Watu wanne tu. Msinipotee.

Bi Somoe akaota uvimbe tumboni, akapelekwa mjini, akapasuliwa. Siku ya kuruhusiwa, aliyekwenda kumchukua ni Nampota, maana ndiye mwenye pikipiki na wanawake walikuwa shambani wakiokota korosho. Daktari akamwita pembeni, mgonjwa asisikie, akamwambia mama ametolewa kizazi. Kwa wiki sita tumbo lisikandwe, lisifungwe kitambaa, mshono usiingie maji. Akasema, "Mwambie atakayemuuguza."

Nampota akatazama sakafu. Kwao mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe, wala hapiti mlango anaopita yeye. Sasa atamke kizazi chake? Mtaniuliza, kwani hakupewa karatasi? Alipewa. Iliandikwa kwa Kiingereza, na kwa mwandiko wa daktari. Haya, isomeni nyinyi.

Alipofika nyumbani alimkuta mkewe amekaa na Bi Esha, naye Bi Esha ni mama mkwe vilevile. Akasema, "Mama amepasuliwa tumbo. Daktari anasema atunzwe vizuri." Basi, akaishia hapo. Akajiambia atamweleza mkewe wakiwa wawili. Kesho ikaja, keshokutwa ikaja, aibu ikawa ileile.

Bi Esha alisikia mwanamke amepasuliwa tumbo, akafanya alilolijua. Alfajiri alichemsha maji na majani ya mwarobaini, akamkanda dada yake. Kisha akamfunga mkaja, kile kitambaa cha tumboni, akaukaza barabara, kama afanyavyo kwa mzazi. Alimkanda asubuhi, akamkanda jioni, na alimkanda kwa mapenzi. Mimi simcheki Bi Esha.

Siku ya tatu Bi Somoe alihisi uzi umeachia. Akanyamaza. Mdogo wake anaamka gizani kumchemshia maji, amwambie nini? Akasema asante.

Siku ya tano Tausi alikuwa anafua ule mkaja, akaona usaha, akasikia harufu. Akamwuliza Bi Esha. Bi Esha akajibu kwamba huo ni uchafu wa ndani, lazima utoke. Tausi hakuamini hata kidogo, lakini somo wako humpingi. Akausuuza mkaja, akauanika. Kesho yake akaufua tena, ukiwa mchafu zaidi. Hapa ndipo mimi huumia kila nikisimulia, maana siku nne nzima binti yule alifua usaha wa mama yake bila kusema neno.

Siku ya tisa Bi Somoe akaweweseka kwa homa. Wakamrudisha hospitali, na huko ndipo wote wakajua daktari alikuwa ameagiza nini. Akafunguliwa, akasafishwa, akashonwa upya, akalala huko mwezi mzima, amebaki mifupa. Walipokwenda kumchukua, daktari akawasimamisha watatu wale kando ya kitanda. "Nyama ya kushika uzi imebaki kidogo sana," akasema. "Ukiachia tena, mimi sina pa kushona. Namkabidhi kwa mtu mmoja tu. Wengine wasimguse."

Bi Esha akasema, "Mikono hii ndiyo iliyomfumua, sikatai. Lakini nilifichwa neno. Sasa neno ninalo, na hakuna kati yenu anayejua kumgeuza mgonjwa asiumie. Nipeni mimi."

Tausi akasema, "Mimi ndiye niliyemtoka tumboni. Niliona nikanyamaza. Sitanyamaza tena." Bi Esha akamtazama mara moja tu, na Tausi akainamisha macho. Wote wakaona.

Nampota akasema, "Mimi nilisikia yote, na mpaka leo nakumbuka kila neno. Aibu yangu imetufikisha hapa. Nitaivunja, nitamsafisha kidonda kwa mikono yangu."

Kutoka kitandani Bi Somoe akasema, "Afadhali nife kuliko mkwe wangu aone tumbo langu."

Daktari akamwinamia, akamwambia basi achague mwenyewe. Bi Somoe akamtazama mdogo wake, akamtazama binti yake, akatazama upande aliosimama mkwe wake bila kumwangalia usoni. Akaona kwamba akimtaja mmoja, atakuwa amewaambia wawili waziwazi kwamba wangemuua. Akageukia ukutani, akalia, hakutaja mtu.

Mimi sikuwepo, na kama ningekuwepo nisingejua la kusema. Nawauliza nyinyi, na asinijibu mtu upesi. Mmoja ana mikono lakini ndiyo iliyoharibu. Mmoja ana macho lakini hana kinywa. Mmoja analijua neno, na mgonjwa hamtaki. Je, angekuwa mama yako aliyelala pale, ungemkabidhi kwa nani?