Kiungo Kilichofundishwa Kuaga

Wekeni viungo hivyo vya mpira wa maji chini, kwanza mnisikilize. Nimewaona asubuhi hii mnavyovifunga. Mnachomeka, mnasikia "tak", mnafungulia maji, kisha mnabaki mmeng'ang'ania mpira kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe asiyemjua. Na mmoja wenu ameniuliza kwa nini kitu hiki kimewekewa pete ya kuzungusha, ilhali kingefunguka upesi zaidi kwa kuvutwa tu. Waliokitengeneza wana jibu lao, wameliandika kwa herufi ndogo kwenye karatasi ambayo hakuna aliyeisoma. Mimi Nanzia, msimamizi wa pampu hii, ninalo la kwetu, na la kwetu ndilo lililotangulia.

Hapo kale, pampu hazijaota ndoto ya kuwepo na mpira haujulikani, maji ya milima hii yalishuka kwa nguvu zake yenyewe. Wazee walichimba bwawa juu kabisa, hili tunaloliita ndiva, na kutoka pale maji yakateremka ndani ya mianzi iliyotobolewa vifundo. Mwisho wa mianzi palikuwa na mdomo wa chuma. Kila mwenye shamba naye alikuwa na utumbo wake wa ng'ombe, umevikwa wavu wa nyuzi za mgomba ili usipasuke, nao ulikuwa na mdomo wa chuma. Mdomo wa utumbo uliingia ndani ya mdomo wa mianzi, maji yakafuata. Ule unaoingia waliuita dume na ule unaopokea wakauita jike, na mafundi husema hivyo hadi leo.

Dume na jike hawakuwa na kitu cha kuwashikanisha. Msicheke. Kamba zilijaribiwa, lakini kamba ikilowa fundo hukaza, na maji yaligawanywa kwa zamu: kivuli cha mwamba kikigusa mpaka wako, umekwisha. Watu walikuwa wakifungua fundo kwa meno huku zamu ya jirani inayoyoma, na ugomvi wake msiombe muuone. Basi wakaona heri mikono. Kila maji yalipofunguliwa, mtu mmoja mwenye kifua alisimama penye kiungo, akakikumbatia kwa mikono miwili mpaka zamu iishe. Hiyo ilikuwa kazi ya heshima, na aliyeijua kuliko wote aliitwa Senzota.

Lakini sisi watu wa hapa tuna adabu zetu, mnazijua. Mkwe humwamkii kwa mkono mmoja. Mkono mmoja ni wa kufukuzia kuku. Ukikutana na mama mkwe unaacha ulichoshika, hata kama ni dhahabu, unapiga magoti, unaunganisha viganja, unatoa salamu, na huinuki mpaka aitikie. Asiyefanya hivyo amemwambia mama yule kwamba binti yake aliokotwa njiani.

Senzota alikuwa amemwoa Nakunda, binti wa Naetwe, na alimpenda hasa. Hakuwa mtu wa kuficha: alimsifu mkewe mpaka kwa ng'ombe. Mwaka huo jua lilikuwa kali, ndiva ikabaki na maji ya zamu chache. Ilipofika zamu ya shamba la maharage la Naetwe, nani mwingine wa kushika kiungo kama si mkwewe? Akashika. Maji yakanguruma. Naye Naetwe, kwa furaha ya kuona mistari yake ikilowa, akabeba kapu la viazi vya moto akateremka kumshukuru.

Senzota akamwona anakuja. Akishikilia, amemdharau mama wa mkewe mbele ya wenye mashamba wote. Akiachia, maji yanakwenda. Mama akazidi kusogea, anatabasamu, hana habari. Na mwili wa mtu aliyelelewa vizuri haungoji shauri la kichwa. Mikono ikaachia, magoti yakagusa udongo, viganja vikakutana.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikiwa. Utumbo uliruka, ukajipinda hewani, na mdomo wa chuma ukampiga Naetwe kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa ukalia. Kapu likaanguka. Kabla mtu hajakimbia mpaka juu kuziba ndiva, maji yote yalikuwa yamekwenda korongoni, ambako hayakuotesha hata jani.

Wakakaa kikao. Ndugu wa Naetwe wakasema aliyemvunja mama mkono hawezi kubaki na binti. Mwingine akauliza, je, kama asingeamkia? Wakasema hapo pia wangemchukua binti. Senzota akainamisha kichwa, kwa kuwa kweli njia zote mbili zilikuwa zinamtoa Nakunda nyumbani kwake. Ndipo Naetwe, mkono umefungwa kwa maganda ya mgomba, akasema.

"Mkwe wangu hakukosa adabu. Aliyekosa adabu ni kile kiungo. Watu tunasalimiana, chenyewe hakiwezi hata kungoja. Mkakifundishe."

"Na Nakunda, mama?" Senzota akauliza.

"Nakunda anakaa kwangu. Siku utakayoniamkia kwa mikono miwili maji yakiwa wazi, na nikafika nyumbani mifupa yangu ikiwa mizima, utamchukua."

Basi Senzota akaenda kwa Kirumbi, mhunzi. Kirumbi alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa machungu. Akamsikiliza, akasema, "Unataka chuma kishike wakati wewe unapiga magoti. Vuta mivukuto." Wakafua. Wakaweka punje za chuma ndani ya jike, na juu yake pete inayoteleza. Dume lilipoingia, punje zililibana, pete ikazifunika, na chuma kikalia "tak", hiyo hiyo mnayoisikia leo. Ukitaka kufungua unairudisha pete nyuma, punje zinalegea. Kilishika! Senzota aliachia mikono akaruka ruka kama ndama, akaanza kupanga atakachompikia mkewe.

Furaha yake haikudumu. Walipokuwa wanauburuta utumbo kuuhamishia mstari wa pili, maji yakiwa bado wazi, ncha ya mianzi ilivutwa nao, pete ikakwama kwenye jiwe. Jiwe likaivuta nyuma kidogo tu. Kiungo kikafunguka, utumbo ukapiga chungu cha watu kikawa vigae. Kirumbi akatazama vile vigae. "Tumetengeneza mlango," akasema, "ambao hata jiwe linaufungua."

Senzota aliumia moyo, nami simlaumu. Jioni ile alikwenda kwa Naetwe ili angalau amwone mkewe. Walikaa, wakazungumza, Nakunda akamtilia uji. Lakini ile aibu ya chungu ilikuwa imemkaba, akainuka ghafla akaelekea mlangoni.

"We baba!" Naetwe akamwita. "Unatoka kama mbuzi aliyekata kamba? Tangu lini mtu akaondoka kwangu bila kuaga?"

Senzota akarudi kwa aibu. Akafanya kama inavyofanywa: akamsogelea mwenyeji kwanza, akainama, akaaga, mwenyeji akamgeuza kwa bega kuelekea mlango, ndipo akatoka. Kusogea, kugeuka, kutoka. Alipofika uani akasimama. Nakunda alimwona kutoka mlangoni amesimama peke yake, anasogeza mikono mbele, anaigeuza, anaivuta, akadhani huzuni imempanda kichwani.

"Nakunda," akasema, "jiwe halijui kuaga!"

Akakimbia mpaka kwa mhunzi, uji haujamshuka tumboni. Akamweleza kwamba jiwe linajua kuvuta tu. Mbuzi anajua kuvuta tu. Hata maji yenyewe, kwa nguvu zake zote, hayajui jambo lingine ila kuvuta upande mmoja. Kiungo kinachofunguka kwa kuvutwa kitafunguliwa na kila mjinga. Basi kifunguke kwa mtu tu: asogee kwanza, ageuke, ndipo atoke.

Kirumbi akachukua nyundo. Alipigilia msumari mfupi nyuma ya pete ili isirudi, akakata pengo moja dogo kwenye ukingo wa pete. Sasa ukitaka kufungua, sharti uisukume pete mbele, kule usikokwenda, uizungushe mpaka pengo likutane na msumari, ndipo uivute. Ukivuta bila kuaga, pete inagonga msumari na kukaa. Walikiburuta juu ya mawe. Wakakifunga kwenye fahali. Fahali alichoka.

Mvua kidogo ikanyesha juu, ndiva ikapata maji, na zamu ya Naetwe ikarudi. Watu walijaa kingo za shamba, wengine wamesimama mbali, maana walikuwa wanaukumbuka ule mkono. Senzota akafunga kiungo, akazungusha pete mpaka pengo likauacha msumari, maji yakafunguliwa mpaka mianzi ikatetemeka. Naetwe akateremka kwa njia ile ile, na kapu lile lile.

Senzota akaachia. Akapiga magoti, akaunganisha viganja. "Shikamoo, mama."

Naetwe akatua kapu. Akajifunga upya nguo yake kiunoni. Akainama akatazama jani la haragwe upande wa juu, akaligeuza akatazama na upande wa chini. Akausogelea utumbo, akaupiga teke. Ulitetemeka, haukuondoka. Senzota magotini, macho chini, lakini mikono hakuirudisha kwenye chuma. Mama yule akatazama mistari yake yote ikilowa mpaka wa mwisho. Kisha akaunganisha viganja, ule mkono uliopona ukiwa umepinda kidogo.

"Marahaba, baba. Inuka, magoti yako yanaharibu maharage yangu. Nenda kamchukue mkeo."

Hiyo ndiyo asili ya pete hii mliyoishika, na ndiyo sababu hadi hii leo kila kiungo kinachoaminika hakikubali kuvutwa mpaka kwanza kisukumwe na kuzungushwa. Na ndiyo sababu katika mashamba haya nina sheria yangu moja. Nikipita maji yakiwa wazi, mnaniamkia kwa mikono miwili. Msidhani ni uzee unaonifanya nitake kuheshimiwa. Anayeniamkia kwa mkono mmoja, huku mwingine umebaki kwenye mpira, ameshaniambia kwamba pete hakuizungusha, nami naizima pampu pale pale.

Haya, okoteni viungo vyenu mkafunge. Mimi nafungulia maji, halafu nateremka kuja kuwaona. Na kuitikia, nitachelewa.