Kete Haijui Akili

"Kete haijui akili, yajua mkono." Hiyo ndiyo mliyomsikia muuza kahawa akimrushia mwenzake leo, mkaja mbio kuniuliza imetoka wapi. Mmefika penyewe. Hakuna mtu katika mji huu azijuaye methali kunishinda mimi. Nazijua zote, chanzo na mwisho wake, ila zile nilizozisahau, na hizo ndizo nyingi. Hii kwa bahati ningali nayo. Kaeni basi, na huyo mwenye karanga azipitishe huku. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, katika kijiji cha Kwambani, palikuwa na baraza lenye bao la kete lililochongwa kwa mti wa mfenesi. Mashimo yake yalikuwa laini kama ndani ya ganda la chaza. Fundi aliyelichonga aliitwa Mzee Ngwali. Alilichonga, akaliweka barazani, akasema liwe la kila mtu, kisha akafa zake. Akaacha mtoto mmoja, Faki. Na huyo Faki ndiye mwanamume pekee wa Kwambani ambaye hajapata kukaa mbele ya bao la babake.

Kisa ni kwamba baraza lilikuwa na bingwa, na bingwa alikuwa na sharti.

Bingwa mwenyewe ni Bwana Shaame, mtu wa kofia iliyosimama na maneno yaliyosimama zaidi. Kumfunga bao ilikuwa kama kumfunga upepo kamba. Kila akimaliza kumfunga mtu, hujifuta kipaji kwa leso na kuwaambia waliopo, "Bao ni akili tupu, jamaa. Ama umezaliwa nayo, ama hukuzaliwa nayo. Mimi sikufundishwa na mtu, wala sijifundishi. Nikiondoka hapa, kete sizigusi mpaka kesho. Adhuhuri nakula, nalala, naamka Alasiri na akili yangu ile ile."

Watu wakamwamini. Nao walipomwamini, wakakubali sharti lake: anayetaka kukaa kwenye bao, kwanza ajibu kitendawili cha Bwana Shaame. Akikijua, ana akili, akae acheze. Asipokijua, atoe mji kama ilivyo desturi ya vitendawili, kisha aondoke.

Sasa Faki alikuwa kijana mwema, mcheshi, na kwa kazi yake ya kuwamba vitanda vya kamba hakuwa na mpinzani. Lakini vitendawili vilimpita kama maji yanavyompita bata.

"Kitendawili!" alisema Bwana Shaame siku ya kwanza.

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

Faki akafikiri mpaka masikio yakamsimama. "Ya mjomba wangu Silima," akajibu. "Mlango aliuuza mwaka wa njaa."

Baraza zima likaanguka kwa kicheko. Yai, jamani! Hata mtoto anayenyonya angesema ni yai.

"Nipe mji!"

"Chukua Kilwa," alisema Faki.

Siku nyingine akatoa Lamu. Mara nyingine Mombasa, na Pemba nzima pamoja na karafuu zake. Ikafika siku hana mji uliobaki, na Usi muuza kahawa akamwambia, "Toa vichochoro sasa, Faki, miji umetumalizia!"

Faki alicheka pamoja nao. Lakini kila akiondoka hugeuka mara moja kulitazama lile bao. Alikumbuka babake akilisugua kwa mafuta ya nazi, na yeye mtoto ameketi juu ya takataka za randa, akitia kidole katika kila shimo. Siku moja akasikia mtu akisema nyuma yake, "Mtoto wa Ngwali halijui bao la Ngwali." Siku hiyo Faki hakucheka.

Haukupita muda, Bi Mkasi, mama yake Bwana Shaame, akamwita Faki aende kuwamba kitanda chake. Faki akaenda asubuhi, wakati Shaame yuko barazani. Akamkuta Bi Mkasi uani, amekaa juu ya mkeka na bao kuukuu mbele yake, anacheza peke yake.

"Shikamoo, Bibi. Unacheza na nani?"

"Marahaba. Nacheza na mkono wa kushoto. Mjinga huyo, kila siku namfunga. Njoo wewe umpumzishe."

"Mimi sina akili ya bao, Bibi. Vitendawili vyote vimenishinda."

"Nani kakuomba kitendawili? Kaa!"

Faki akakaa. Kahawa haijapoa, amekwisha kufungwa. Kila alipozila kete zake, yule bibi alizisambaza taratibu na kuziambia, kana kwamba ni vifaranga, "Haya mwanangu, kula ushibe."

Faki akajikuna kichwa, akacheka. "Bibi, nimekosea wapi?"

Bi Mkasi akamtazama vizuri. Alikuwa amewafunga wanaume wengi katika maisha yake, marehemu mumewe akiwa wa kwanza. Mmoja alisema amechoka. Mwingine alisema jua limempiga machoni. Wengine walisema kete zimeibwa. Lakini mwanamume aliyefungwa akauliza amekosea wapi, huyo alikuwa hajapata kumwona.

"Lete huo mkeka karibu," akasema. "Kitanda kitangoja."

Na kitanda kikangoja kweli! Faki aliwamba kamba zikakaza kama ngoma. Kesho yake akarudi, akakibonyeza kwa kidole, akasema, "Bibi, naona kamba imelegea." Bi Mkasi akaketi juu yake, akajitikisa. "Wallahi nazama, mwanangu. Ifungue uanze tena." Kamba zile zililegea tangu watu wanapanda mpunga mpaka wanauvuna.

"Mama," alisema Bwana Shaame, "kitanda gani hiki kisichokwisha? Unamlaza tembo?"

"Mgongo wangu, mwanangu. Mgongo wa mzee una mambo."

Mwanzoni Faki alifungwa upesi. Baadaye akawa anafungwa polepole. Kila akifungwa huuliza lile swali lake, na Bi Mkasi huzirudisha kete mahali zilipokuwa, wakaanza upya. Vidole vya Faki vikazoea. Ikawa akikamata kete ndani ya shimo, anajua ni ngapi kabla ya kuzitazama. Halafu ikaja asubuhi moja Bi Mkasi akausimamisha mchezo katikati, akaagiza chai ambayo hakuitaka, akauliza habari za watu waliokwisha kufa, alimradi muda upite. Haikumfaa kitu. Alifungwa. Alifurahi hata akamtukana.

"Nenda sasa," akamwambia. "Mgongo wangu umepona."

Ilikuwa siku ya Iddi pili. Baraza limejaa kanzu mpya, Bwana Shaame amekwisha kumfunga kila mwenye mkono, na sasa amekaa hana wa kucheza naye. Faki akatokea.

"Bwana Shaame, naomba nikae."

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Kondoo wangu ana nyama nje, ngozi ndani."

Mnadhani kwa mafunzo yote yale Faki alikuwa amepata akili ya vitendawili? Hata kidogo!

"Huyo kavaa kinyume," akajibu. "Alikuwa na haraka ya Iddi."

Watu wakashika mbavu. Firigisi, jamani! Usi muuza kahawa akalitua buli lake asije akaliangusha. "Bwana Shaame," akasema huku machozi yanamtoka, "mwache akae, baba! Sisi umekwisha kutumaliza. Mwache tucheke Iddi yetu."

Bwana Shaame akatabasamu. "Akae. Lakini nikimfunga, mguu wake usikanyage tena baraza hili. Nimechoka kupewa miji."

Kicheko kikakatika. Hilo lilikuwa neno zito, kwa kuwa bao lile lilikuwa kazi ya mkono wa babake, na kila mtu alilijua hilo. Faki akasogea karibu na bao.

"Na nikikufunga mimi?"

"Ukinifunga mimi?" Bwana Shaame akawageukia watu, ili nao waionje ladha ya swali lile. "Ukinifunga mimi, sharti la kitendawili life leo, na kila mwenye makalio akae!"

Faki akavua viatu, akakaa. Akautia mkono ndani ya shimo la kwanza, na shimo likaupokea kama linaujua. Akatulia.

Bwana Shaame alicheza upesi, mdomo wake ukienda mbio pamoja na kete. Naye, tusimdhulumu, alikuwa na akili kweli, aliona mbali. Alijua kwamba mchezaji mchanga huing'ang'ania nyumba yake, lile shimo kubwa anamojaza kete, hataki kuligusa. Akamtegea mtego hapo hapo, akangoja.

Faki akaitazama nyumba yake iliyojaa. Akazikumba kete zote, asibakishe hata moja, akaanza kuzidondosha shimo kwa shimo. Kete ya mwisho ikaangukia penye kete, na ng'ambo yake Bwana Shaame alikuwa amerundika zake kwa ajili ya ule mtego. Faki akazila zote. Alipokuwa akizisambaza, ulimi ukamponyoka kwa mazoea.

"Haya mwanangu, kula ushibe."

Mkono wa Bwana Shaame ukasimama hewani.

"Umesema nini?"

"Nazungumza na kete."

Wakaendelea, lakini domo la bingwa sasa lilikuwa limefungwa. Kila alipofikiri njia, Faki alikuwa amekwisha kupita hapo mara nyingi, kwa kufungwa. Mwisho Faki akala tena, "haya mwanangu," akasambaza, "kula ushibe," na safu ya mbele ya Bwana Shaame ikabaki nyeupe, haina hata kete moja ya kumlilia.

"Sharti limekufa!" akapiga kelele Usi. "Mtoto wa Ngwali kalifufua bao la Ngwali!" Akammiminia Faki kahawa, akaimwagia na kanzu yake.

Bwana Shaame akaruka wima, kofia upande. "Hapana! Huyu kafundishwa na mama! Maneno hayo ni ya mama! Ndiyo anayoyasema kila akinifunga!"

Vichwa vyote vikamgeukia. Kahawa ya Usi ikaendelea kumwagika.

"Kila akikufunga, Bwana Shaame?" aliuliza Usi kwa upole. "Lini tena hiyo?"

"Adhuhuri," akaanza Bwana Shaame, kisha akajing'ata ulimi.

"Adhuhuri si unalala?"

"Nalala! Nani kasema silali?" Akatazama huku na huku kama kuku aliyeingia msikitini. "Nalala, halafu naota. Naota tu kwamba nacheza na mama."

Kumbe Bi Mkasi alikuwa anapita na sahani ya vitumbua vya Iddi, naye masikio yake hayakuwa na umri.

"Ala! Ni ndoto?" akasema. "Na jana nilipokufunga ukasusa pilau ya Iddi, uliisusa ndotoni? Maana jioni ulikuja jikoni ukaila macho kodo, na ukoko ukaukwangua!"

Wengine wakalala chini kwa kicheko. Bi Mkasi akampa Faki sahani, akaushika mkono wa mwanawe, akauinua juu watu wauone. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimelainika, zinang'aa kama komwe za bao.

"Akili anayo, sikatai. Ndiyo maana alijifunza upesi kuliko huyu fundi wangu wa vitanda. Lakini msidanganywe, jamani. Kete haijui akili, yajua mkono. Na mkono huu mnaouona haujapata kulala adhuhuri tangu mwenyewe anaota meno."