Kiti cha Aliyemleta Osmund

Hapo zamani, na zamani yenyewe haiko mbali, maana wengine waliokuwapo bado wanalima, katika kijiji kimoja cha baridi huko Njombe aliishi fundi seremala. Jina lake Osmund. Mkono wake ulikuwa mwepesi kwa randa, na mwepesi zaidi kwa kopo la ulanzi, pombe ya mianzi. Mvua ikinyesha alikunywa, jua likiwaka alikunywa. Miaka tisa alikunywa.

Mama yake akafariki. Osmund akasema, "Jeneza la mama nitalitengeneza mwenyewe." Akapiga randa mbao nne, kisha akaenda kilabuni kutuliza moyo. Waombolezaji wakamsubiri hadi jua likapinduka. Mwishowe majirani ndio waliopigilia misumari. Osmund alipoamka aliambiwa mama ameshazikwa.

Mnadhani aliacha? Hakuacha. Alizidi, kwa kuwa sasa alikuwa na jambo la kusahau.

Mke wake, Gaudensia, alikuwa amesikia kwamba wapo watu walioacha pombe, nao hukutana na kushikana mkono ili wasirudi. Wanakutana wapi, hakujua. Akauliza parokiani, hawakijui kikundi hicho. Akauliza zahanati, wakamwelekeza kwa mtendaji wa kijiji. Kwa mtendaji, watu waliokaa barazani wakamcheka: "Mama, mumeo ni wa kufungwa kamba, si wa kikundi." Siku ya nne akatembea mwendo wa saa mbili hadi mji mdogo wa jirani, akamkuta mama mmoja kwenye mashine ya kusaga.

"Ni hapa nyuma," mama yule akamwambia. "Kila Jumamosi saa nane mchana. Hatumwandiki mtu jina. Mlete."

Gaudensia akarudi, akamweleza mumewe. Osmund akajibu, "Mimi si mgonjwa." Jumamosi ikapita. Ya pili ikapita. Kila Jumamosi alimwambia, na kila Jumamosi alikataa.

Sasa, aliyekuwa akimuuzia ulanzi ni Sekela, mjane aliyelea watoto watano kwa kilabu hicho. Jumamosi moja asubuhi Osmund akasogeza kopo lake. Sekela akalifunika kwa kiganja.

"Kwangu hunywi tena, Fundi."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Siku ya msiba wa mama yako nilijua unasubiriwa, na bado nikakujazia. Tangu siku ile nikikuona chakula hakipiti."

Osmund akamtukana mbele ya watu. Sekela akaenda kwa wauzaji wenzake wawili, akawasihi nao wamnyime, wakakubali. Lakini wateja wake wakasema anajifanya mtakatifu. Wakamhama, na kilabu chake kikabaki na mabenchi matupu.

Osmund akakaa kando ya njia. Hapo Fulgensi, mwenzake wa kunywa miaka yote ile, akamkuta.

"Twende kule anakosema shemeji," Fulgensi akasema.

"Naona haya."

"Tulilala mtaroni hatukuona haya. Twende, ndugu yangu. Ukiingia, naingia."

Wakaenda. Mlangoni Osmund akaona watu wameketi kwa duara, mmoja wao ni mtu anayemfahamu kanisani. Akageuka kurudi. Fulgensi akamshika mkono, akatangulia yeye kuingia, akasema mbele ya wageni wale, "Naitwa Fulgensi. Pombe imenishinda. Huyu ni ndugu yangu, naye imemshinda." Osmund akaketi. Akawasimulia habari ya jeneza, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, akalia mpaka kikao kikaisha.

Fulgensi alihudhuria Jumamosi tatu. Ya nne hakuonekana. Alikuwa amerudi kilabuni. Osmund aliendelea, Jumamosi kwa Jumamosi, hadi mwaka ukatimia.

Na kikundi kile kilikuwa na desturi. Aliyetimiza mwaka husimama mbele, na kando yake huwekwa kiti cha mtu aliyemleta. Kiti kimoja tu. Osmund akashindwa kuchagua, akawaita wote watatu waseme wenyewe.

Gaudensia akasema, "Mlango huu niliutafuta siku nne, nikachekwa. Nisingeutafuta, wangeingia mlango upi?"

Sekela akasema, "Mlango aliujua, asiende. Alikwenda siku niliyofunika kopo. Miaka tisa nilimnywesha mimi, sikatai. Lakini kumnyima kuliniondolea riziki, na sikumlilia mtu."

Fulgensi alisimama karibu na mlango, macho mekundu, ulanzi ukimnuka. Akasema, "Mimi sidai. Mwulizeni tu, alipogeuka kurudi, nani alimshika mkono?"

Mwanakikundi mmoja akasema, "Hapa hatumkalishi mbele mtu aliyekunywa. Wagonjwa wapya watatuelewaje?"

Mwingine akajibu, "Na tukimnyima, mnadhani atarudi tena humu?"

Fulgensi akainamisha kichwa. Gaudensia akamtazama, akajifuta machozi kwa ncha ya khanga, lakini dai lake hakuliondoa. Sekela naye hakuliondoa lake.

Osmund amesimama mbele. Watu wanamngoja. Nanyi mliokaa hapa mmewasikia wote watatu, aliyetafuta mlango, aliyefunika kopo, na aliyeshika mkono.

Je, kiti kile akikalie nani?